Steringi Hafi

Zunguka Kariakoo kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Aggrey, utapata fulana ya Spider-Man, begi la shule la Spider-Man na ndala zake za kila saizi. Kitabu chake cha katuni kitafute kwa tochi. Wapenzi wa muvi wa hapa mjini walikutana na huyo buibui kwenye kioo cha televisheni, si kwenye karatasi, na ubishi wao umeota kutokea hapo. Mashabiki wa Marekani hugombana kama filamu imekifuata kitabu. Kariakoo watu huuliza kwanza kama filamu imefuata sheria ya muvi, na sheria yenyewe inajulikana hata na mtoto wa chekechea: steringi hafi.

Sheria hiyo ilikomaa kwenye mabanda ya video, vile vibanda umiza vya mabenchi ya mbao na joto la kukamuana jasho, enzi za Rambo na Van Damme. Steringi anapigwa mpaka anatema damu. Mchumba wake anatekwa. Rafiki yake anauawa, maana rafiki wa steringi hana kazi nyingine. Halafu anaamka, na banda zima linaamka naye. Aliyeiona muvi hiyo jana anakaa nyuma na kutangaza kinachokuja, wala hafukuzwi. Kumwaga stori halikuwa kosa kubwa, kosa lilikuwa kuimwaga bila utamu.

Mtu aliyelelewa hivyo ndiye aliyeletewa Avengers: Infinity War mwaka 2018. Thanos anapiga kidole, Spider-Man anageuka vumbi, Black Panther anageuka vumbi, muvi inakwisha. Wapo waliorudi kwa muuzaji wakidai faili waliyowekewa kwenye flashi imekatwa. Mwaka uliofuata ikaja Endgame, Tony Stark akafa kabisa na kufanyiwa msiba. Hapo vijiwe vya kahawa vilichemka kuliko birika. Waliosimamia sheria wakapata mlango wa kutokea: Tony Stark hakuwa steringi. Steringi alikuwa Captain America, ndiyo maana yeye alizeeka tu.

Kundi la pili ni vijana wenye bando. Hawa wamesoma habari za vitabu mtandaoni, na wanakuja kijiweni na ushahidi. Watakwambia kwamba katika filamu ya mwaka 2002 utando unamtoka Spider-Man mwilini, kwenye kifundo cha mkono, ilhali kitabuni, tangu mwaka 1962, Peter Parker aliunda kifaa cha kuurusha kwa akili yake mwenyewe. Hoja ni nzuri, maana inabadilisha mtu: kitabuni ni fundi, kwenye filamu ni mgonjwa wa bahati. Lakini mzee wa kijiwe huipokea kwa swali moja. “Dogo, hicho kitabu unacho?” Hana. Kakisoma kwenye simu. Ubishi unaanza upya.

Binafsi naona mzee anamwonea. Yeye mwenyewe muvi zake nyingi hakuzisikia kama zilivyotengenezwa. Alizisikia kwa sauti ya Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, aliyekuwa akizitafsiri na kuzisimulia kwa Kiswahili mwanzo mwisho: anasema ya mwanamume, anasema ya mwanamke, anaeleza asichokiona mtazamaji, na chumvi anatia kadiri anavyoona panafaa. Baadaye wakavuma akina DJ Mack na DJ Murphy. Desturi ikawa mtu kuulizia muvi kwa jina la mfasiri kabla ya jina la muvi. Ukimwambia mpenzi wa mfasiri kwamba Thanos hakuyasema maneno hayo, atakuuliza wewe uliyesikiliza Kiingereza uliambulia nini. Kwake yeye muvi halisi ni ile iliyosimuliwa. Ile nyingine ni malighafi.

Na hapa kwetu safari iliwahi kwenda kinyume. Joshua Amandus Mtani aliichukua Titanic akaichora kuwa kitabu cha katuni cha Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi ndani ya Titanic. Wasomaji waliokulia kwenye jarida la Sani walitaka hadithi inayokolea, na sidhani kama kuna aliyekaa kuhesabu picha kwa picha.

Panapowaunganisha wabishi wote ni pale Afrika inapoguswa. Black Panther, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, alipotoka kwenye filamu mwaka 2018, hata wanaokishika kitabu kama msahafu walikubali kwamba filamu ilifanya heri kuachana na yule M'Baku wa vitabuni, aliyevishwa ngozi ya sokwe na kuitwa nusu nyani. Lakini lugha! Wakanda inazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini, kilichoingia na John Kani, aliyeigiza mfalme T'Chaka. Kijiweni hoja ni kwamba nchi iliyofichika Afrika kwa karne zote hizo ingekosaje Kiswahili, angalau cha sokoni? Storm naye ana kesi yake. Vitabuni mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Halle Berry alipomwigiza mwaka 2000 alijaribu lafudhi ya Kiafrika, na filamu zilizofuata zikaiacha. Kwa masikio ya Kariakoo, heri walivyoiacha.

Kuna suala moja tu ambalo nimewaona wa kitabu wakishinda. Kwenye filamu Thanos anaua nusu ya viumbe kwa sababu chakula na maji havitoshi. Kwenye The Infinity Gauntlet ya Jim Starlin, ya mwaka 1991, anaua ili kumfurahisha Kifo, ambaye ni mwanamke, na mwanamke mwenyewe hamtazami hata usoni. Kijana mmoja aliisimulia hiyo vizuri, bila kuharakisha, kwenye benchi la muuza kahawa. Mzee aliyekuwa akimpinga tangu alasiri aliweka kikombe chini. “Sasa hapo nimemwelewa,” akasema. “Yale mengine ya chakula walimsingizia.”