Sabufa ya gari inapogoma: tupime waya kabla ya kwenda dukani

Magari mengi yanayobeba familia zetu yalikuwa mali ya watu wengine kabla ya kufika mikononi mwetu. Mwenye gari wa awali hukabidhi funguo na kadi ya gari, lakini ni nadra kusimulia nani aliyefunga sabufa ndani ya buti, wala ni waya wa namna gani uliopitishwa chini ya zulia. Kwa miezi kadhaa hakuna anayeuliza, maana sauti inatoka. Kisha siku moja sauti huanza kukatika, au taa nyekundu huwaka kwenye amplifaya, au hujitokeza mvumo unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta.

Hapo ndipo fedha za nyumbani huanza kutoka. Mwezi huu hununuliwa spika mpya, mwezi ujao amplifaya mpya, na baada yake betri. Mwisho wa yote kasoro iko palepale, nayo ada ya mtoto imekwishaguswa. Kwa hakika, sehemu kubwa ya hitilafu hizi haimo ndani ya vifaa hivyo vya bei. Imo katika nyaya na viungo vyake, na hugundulika kwa kupima kwa utaratibu kuanzia betri hadi spika. Lipo pia jambo zito kuliko fedha: waya huohuo unaoinyamazisha sabufa ndio unaoweza kuwasha moto ndani ya gari lililojaa watoto.

Njia nne za kuzifahamu

Amplifaya ni kikuza sauti. Hupokea sauti dhaifu kutoka redio ya gari na kuipa nguvu ya kuisukuma sabufa, yaani ile spika kubwa ya besi. Ili ifanye kazi, inahitaji njia nne. Ya kwanza ni waya mnene wa chanya unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Ya pili ni waya wa hasi, ambao mafundi huuita waya wa ardhi, unaofungwa kwenye chuma cha bodi ya gari na kwenye amplifaya huandikwa GND. Ya tatu ni waya mwembamba wa amri, ulioandikwa REM, unaoiamsha amplifaya redio inapowashwa. Ya nne ni nyaya za sauti kutoka redioni.

Njia moja ikikatika au ikilegea, mfumo mzima huyumba. Kwa hiyo msomaji asiyejua chochote kuhusu umeme anaweza kuanza na swali moja jepesi: ni njia ipi kati ya hizi nne iliyo mbovu? Multimita ya kawaida, ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, hutosha kujibu swali hilo, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya amplifaya.

Fyuzi iliyosahauliwa

Tuanze na usalama. Taa kubwa moja ya gari, ile ya halojeni ya wati 55, hutumia takribani ampea 4. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli huhitaji zaidi ya ampea 36, hata kama isingepoteza chochote. Na kwa kuwa hakuna isiyopoteza sehemu ya umeme kama joto, hesabu hufika ampea 40 na kupindukia. Ni sawa na taa kubwa kumi zinazokunywa kupitia waya mmoja, na waya huo hupita pembeni mwa injini, hupenya tundu la bati, kisha hulala chini ya miguu ya abiria hadi kwenye buti.

Ganda la waya huo likichubuliwa na bati, shaba hugusa bodi na umeme wote wa betri humiminika kwa pigo moja. Waya huwa mwekundu kwa joto, zulia huungua. Kinachozuia balaa hilo ni fyuzi iliyofungwa kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, si zaidi ya nchi 18, yaani sentimita 45 hivi. Fyuzi iliyoko ubavuni mwa amplifaya huilinda amplifaya tu. Haiwezi kuulinda waya ulio kati yake na betri.

Fyuzi hiyo huchaguliwa kwa unene wa waya, wala si kwa matamanio ya mwenye gari. Anayeweka kubwa kupita kiasi kwa sababu ndogo "inaungua kila siku" amekata kengele badala ya kutafuta mwizi. Ubaya zaidi ni wa anayeziba pengo lake kwa kipande cha waya mtupu au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inatoa habari, na dalili ya mvua ni mawingu.

Hesabu ya mwalimu Ohm

Mwaka 1827 mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, alichapisha kanuni ambayo hadi leo hutegua vitendawili vya mafundi: volti zinazopotea njiani ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani wa njia hiyo. Tuitumie katika buti letu. Chukulia waya wa ardhi umefungwa juu ya rangi au kutu, na kiungo hicho kina ukinzani wa omu 0.1, kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho. Mkondo wa ampea 40 ukipita hapo, volti 4 hupotea. Gari lililokuwa na volti 13.8 huifikishia amplifaya volti 9.8 tu, na amplifaya nyingi hujizima zinapofikishiwa umeme hafifu namna hiyo.

Ndiyo maana mfumo hupiga vizuri kwa sauti ya chini, kisha ukazimika besi inaposhuka kwa kishindo. Na volti hizo 4 hazipotei bure. Zikizidishwa kwa ampea 40, hugeuka wati 160 za joto kwenye kiungo kimoja, joto linalozidi lile la balbu mbili za zamani za wati 60 zilizokuwa zikichoma vidole. Hapo spika mpya haisaidii kitu. Dawa ni kukwangua rangi hadi chuma king'ae, kukaza nati barabara, na kutumia waya wa ardhi mfupi wenye unene sawa na ule wa chanya.

Msomaji atazame pia waya wenyewe. Nyingine zinazouzwa kwa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na ncha iliyokatwa huonyesha weupe ndani. Hizo hupitisha umeme kwa uchache kuliko shaba tupu yenye unene uleule, kwa hiyo lazima ziwe nene zaidi kwa kazi ileile.

Kupima hatua kwa hatua

Isipowaka kabisa. Pima betri injini ikiwa imezimwa: iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Washa injini: ikiwa nzima, altaneta itazipandisha volti hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisha nenda kwenye buti. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye GND na nyekundu kwenye chanya cha amplifaya. Volti ziwe karibu na zile za betri. Hamishia nyekundu kwenye REM redio ikiwa imewashwa. Napo pawe na volti 12 hivi. Pasipokuwa na kitu kwenye chanya, angalia fyuzi ya mbele. Pasipokuwa na kitu kwenye REM, kasoro iko nyuma ya redio. Yote yakiwa sawa, na fyuzi za amplifaya yenyewe zikiwa nzima, hapo ndipo tuna haki ya kuishuku amplifaya.

Inapokatika kwenye besi nzito. Mruhusu mtu acheze sauti kubwa kwa muda mfupi, nawe pima kati ya kichwa cha hasi cha betri na GND ya amplifaya, kwa waya mrefu wa kuungia. Usomaji uwe karibu na sifuri. Ukifika nusu volti au zaidi, kiungo kibovu kimepatikana. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa chanya.

Taa nyekundu ikiwaka. Amplifaya inajilinda. Izime, chomoa nyaya zote za spika, kisha uiwashe tena. Taa ikitoweka, kasoro ni spika au waya wake. Pima sabufa ikiwa imechomolewa: ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Ikisoma karibu na sifuri, koili yake imegusana. Isiposoma kitu, imekatika kwa kuungua. Aidha, hesabu namna zilivyounganishwa. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi huwa omu 2, na amplifaya isiyoruhusiwa kushuka chini ya omu 4 haina budi kujizima.

Mvumo unaopanda na injini. Huu husikika zaidi kwenye spika ndogo zinazoendeshwa na amplifaya hiyo. Chomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya. Mvumo ukikoma, unaingia kupitia njia ya sauti: ama ardhi ya redio ni mbovu, ama nyaya za sauti zimelazwa bega kwa bega na waya wa chanya. Zipitishwe upande mmoja wa gari, na waya wa chanya upande mwingine.

Besi dhaifu kwa sabufa mbili. Yamkini zinavutana, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa muda mfupi kwenye nyaya za spika, chanya kwa chanya. Kila moja iruke kwenda nje. Inayorudi ndani imeunganishwa kinyume.

Kirungu kinachodhulumiwa

Kwenye amplifaya kuna kirungu kilichoandikwa GAIN, na wengi hukifungua hadi mwisho wakidhani kinaongeza nguvu. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na kiwango cha sauti kinachotoka redioni. Kikizidishwa, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, koili hupata joto, na harufu ya kuungua hufuata. Utaratibu ni huu: kirungu kiwe chini, viongezi vyote vya besi vizimwe, redio ipandishwe hadi robo tatu, kisha kirungu kiinuliwe polepole hadi sauti ianze kukwaruza, halafu kirudishwe nyuma kidogo na kuachwa hapo.

Kichujio cha besi nacho kiwekwe karibu na hetzi 80, ili sabufa isiingilie sauti ya binadamu. Anayesikiliza kisomo au mawaidha safarini atauona umuhimu wake: herufi kama sini na swadi hukaa katika sauti za juu, na besi iliyozidi huzifunika hata msikilizaji asizitofautishe.

Masikio ya walioketi nyuma

Kuna kipimo kingine kisichosomwa na multimita. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitoa viwango vya usalama kwa vifaa vya kusikilizia muziki: desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa mtoto. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua nusu. Katika gari ambalo buti na kiti cha nyuma ni chumba kimoja, sabufa iko mgongoni mwa watoto, nao hupigwa na sauti kwa ukaribu kuliko dereva anayeshika kirungu. Vinyweleo vya kusikilia vilivyo ndani ya sikio vikifa havioti tena.

Kwa fundi

Si kila mtu atapima mwenyewe, wala si lazima. Lakini mwenye gari anaweza kuomba mambo matatu. Aone volti kwa macho yake kabla ya kuambiwa anunue kifaa. Kifaa kinachoshukiwa kijaribiwe kwanza kwa kubadilishana na kizima. Na kichwa cha hasi cha betri kiondolewe kabla ya waya wowote wa chanya kuguswa. Fundi mwaminifu hatachukizwa, maana namba humtetea yeye pia. Nyaya zilizo chini ya viti, hususan zenye ganda la njano, zisikatwe wala kuungwa, kwani aghalabu ni za mifuko ya hewa inayookoa maisha katika ajali.

Kwa asiyetaka kusubiri fundi, kazi ya kwanza ni ya dakika tano. Zima injini, fungua boneti, tafuta waya mnene wa ziada kwenye kichwa cha chanya cha betri, na uufuate kwa macho. Ndani ya nchi 18 lazima ukutane na kisanduku cha fyuzi, na ndani yake pawe na fyuzi halisi. Usipokutana nacho, ondoa kichwa cha hasi, ufungue waya huo kwenye betri, ufunge ncha yake kwa utepe wa umeme, kisha urudishe kichwa cha hasi. Sabufa itanyamaza hadi fyuzi ipatikane. Gari litatembea kama kawaida, na watoto watafika.