Tone la Shira katika Bakuli la Maji

Idi inapokaribia, katika ua wetu wa Kizota pale Dodoma, jiko la mkaa lilipokwisha kukolea na shira kuanza kutokota sufuriani, marehemu bibi yangu alikuwa na desturi ya kumwita mjukuu mmoja, aghalabu yule mdogo kuliko wote, akamkabidhi bakuli la maji baridi yaliyotekwa mtungini na kumwonya asilitikise; kisha akachovya ncha ya mwiko katika shira, akaangusha tone moja bakulini, akalitwaa kwa vidole viwili na kulivunja karibu na sikio lake, maana kwake yeye kashata iliiva kwa kusikiwa wala si kwa kuonwa. Tone likinyumbuka kimya, shira ingali mbichi, likilia “ta!” mfano wa kijiti kikavu, ndipo karanga zimiminwe.

Bibi alizaliwa Bagamoyo, akaletwa bara na mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Kwao walizoea kashata za nazi, ila minazi haistawi katika uwanda huu wa kati, ambao mvua zake, zisizofika milimita 600 kwa mwaka, hunyesha kwa msimu mmoja tu. Basi akaishika karanga, iliyokuwa ikilimwa na majirani zake Wagogo. Huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1947 mashamba makubwa mno ya karanga kwa ajili ya mafuta, ikayaacha mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36, kwa kuwa hesabu zilizopigwa kwa pupa hazikuuliza habari za mvua haba wala za ule udongo mwekundu ambao kiangazi huufanya mgumu kama saruji. Karanga yenyewe haikuwa na taksiri: iliendelea kumea katika vishamba vya wenyeji waliojua saa ya kuipanda.

Kazi ya kwanza ni kukaanga. Karanga mbichi ina harufu ya maharage, nayo kwa hakika ni jamaa ya maharage na kunde. Lakini ikishapata moto wa kutosha, sukari na asidi za amino zilizomo ndani yake hushikana na kuzaa mamia ya vitu vipya vyenye harufu, pamoja na ile rangi ya hudhurungi. Jambo hili, ambalo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912, ndilo lile lile linaloupa mkate gamba lake na buni harufu yake. Kisha karanga huwekwa katika ungo, husuguliwa kwa viganja na kupepetwa hata maganda yakachukuliwa na upepo, ambao Dodoma haukosekani.

Ama shira, hapo ndipo penye siri. Maji matupu yakichemka hayapandi joto tena mpaka yaishe. Lakini sukari iliyoyeyuka huyazuia maji yasiruke upesi, na kadiri yanavyopungua ndivyo joto la kuchemka linavyopanda, hata kila nyuzi ikawa ni hesabu ya maji yaliyosalia. Pwani, shira ikifika nyuzi 115 hivi, tone lake hufanya donge laini, nayo yafaa kwa kashata za nazi. Ikifika 150, maji yamebaki kama sehemu moja katika mia, na tone huvunjika kwa mlio. Lakini Dodoma i juu ya bahari kwa mita 1,120 hivi, hewa inayoukandamiza uso wa sufuria ni pungufu, na maji huchemka kwa nyuzi 96 badala ya 100.

Hili nililijua kwa aibu. Mwaka mmoja, jamaa walipotuletea nazi kutoka pwani, nilinunua kipimajoto, nikaingoja shira ifike nyuzi 115 kama kitabu kilivyoagiza. Kashata zikatoka ngumu, kwa sababu nyuzi 115 za Kizota ni sawa na 119 za Bagamoyo, na maji yalikwisha kuruka kupita kiasi. Bibi alicheka hata akafuta machozi. Bakuli lake halikupima joto. Lilipima maji yenyewe yaliyosalia katika shira, na kwa hiyo tone hulia vile vile pwani na bara.

Miiko yake mingine nayo ilikuwa na hoja. Alikataza kukoroga shira iliyokwisha kuchemka, wala hakukubali ikose matone ya ndimu. Molekuli za sukari hupenda kujipanga safu safu, na mwiko unaozunguka, au chembe moja iliyoganda ukingoni, huzianzishia safu hizo, shira yote ikarudi kuwa mchanga. Uchachu wa ndimu huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na vipande hivyo, kwa kuwa umbo lake ni jingine, huzivuruga safu. Bibi hakuyajua majina hayo. Alisema tu kwamba ndimu “huinyamazisha sukari.”

Shira iliyopoa upesi juu ya sinia lililopakwa mafuta huwa ni kioo hasa, kigumu na chenye kung’aa, nacho ni kioo chenye kiu. Pwani hewa ya unyevu hukinywesha, na kashata iliyoachwa wazi huanza kunata. Kizota, wakati wa kiangazi, hukaa mkebeni juma zima na bado ikalia menoni. Na kwa kuwa Idi hufuata mwezi mwandamo na kuzunguka misimu yote, bibi alikuwa na kalenda yake: ikiangukia kiangazi alipika siku tatu kabla, ikiangukia mvua, usiku wa mwisho.

Kipimajoto changu kingali katika saraka, juu ya kitabu kile. Mwaka huu bakuli lilishikwa na binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, naye hakulitikisa. Tone lilipolia, kabla mimi sijafumbua kinywa, alikwisha kugeuka akiuliza ungo wa karanga umewekwa wapi.