Mwanao anajua kipepeo anatoka wapi? Mpeleke kwenye mlimau

Watoto wengi wa chekechea wanaimba bila kukosea: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Lakini waonyeshe kiwavi mwenyewe, utasikia "mdudu huyo, muue!" Maneno wanayo, ila hawajawahi kuona kiwavi yuleyule akigeuka.

Hapa kwetu jambo hilo ni rahisi. Kagua majani machanga ya mlimau au mchungwa. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano ambaye hutaga hapo, yai mojamoja, dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, ndiyo maana ndege humpita. Akikua anakuwa wa kijani. Mguse kidogo kwa kijiti: anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto hawatasahau hilo! (Viwavi wenye manyoya waacheni kabisa, wanawasha.)

Mweke kwenye chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa juu, pamoja na kijiti kirefu. Funika kwa kipande cha kanga. Usitumie chandarua cha mbu, vingi vina dawa na kitamuua. Majani nayo yasiwe yamepuliziwa dawa, na yatoke kwenye mti uleule uliomkuta. Ukimpa mchicha atakufa njaa. Mpe majani mapya kila siku, na kazi hiyo mwachie mtoto.

Siku moja ataacha kula, apande kijiti na kujifunga kwa uzi mwembamba kiunoni, kama fundi umeme juu ya nguzo. Hapo ndipo mtoto atauliza, "Amekufa?" Mwambie hapana, ndani mwili unajengwa upya. Subirini wiki mbili hadi tatu hivi. Wazazi wengi huchoka hapa na kutupa chupa.

Kipepeo akianza kutoka, msimsaidie hata kidogo. Mabawa hutoka yamekunjamana, yamelowa, naye hufunga safari hadi juu ya kijiti ili yaning'inie na kunyooka. Akikosa nafasi hiyo, yanakauka yamepinda na hataruka tena. Yakishakauka mtoe nje siku hiyohiyo. Majani hatafuni tena, sasa ana mrija wa kunyonyea maji matamu ya maua.