Usifute ujumbe wa ushuru: utauhitaji siku jiji linapopitia miradi yake

Wateja wetu wanaouza sokoni hawatuulizi tena jinsi ya kulipa ushuru kwa simu. Hiyo wanajua. Swali linalorudi kila mara ni lingine: pesa zikishatoka kwa laini yangu zinaenda wapi, na mbona choo cha soko bado kimefungwa?

Nusu ya kwanza ya swali hilo tunaweza kuijibu, manake malipo ndiyo kazi yetu. Nusu ya pili hujibiwa kwingine, kwenye vikao ambapo jiji na kaunti hupitia huduma na miradi yao mbele ya wananchi. Vikao hivyo vipo kisheria, lakini wengi hawaendi, na wanaoenda mara nyingi huenda na hasira tu. Kumbe ushahidi wanao mfukoni, ndani ya simu.

Nani anapitia nini

Mitaani bado tunasema "kanjo", ingawa mabaraza ya miji ya zamani, yale ya meya na madiwani, yaliisha na uchaguzi wa Machi 2013. Siku hizi soko, taka, maegesho, mitaro na taa za barabarani ni kazi ya kaunti, na katika majiji na manispaa kaunti hukabidhi sehemu ya kazi hiyo kwa bodi. Chukua Nakuru, iliyopata hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, au Eldoret, iliyopata yake tarehe 15 Agosti 2024. Hakuna meya huko. Kuna bodi na meneja wa jiji, na sheria inataka bodi iwe na wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, sekta ya jua kali na vyama vya wakazi. Kwa hivyo muuza mitumba ana mtu wake pale mezani, hata kama hajawahi kumwona.

Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inaitaka bodi ipitie mpango wake wa maendeleo kila mwaka na kujipima: tulisema tutafanya nini, tumefanya nini. Inawapa wakazi pia haki ya kukutana na kutoa maoni kuhusu huduma. Lakini bodi haina mfuko wake wa kujiamulia kila kitu. Bajeti hupitishwa na bunge la kaunti, na hapo ndipo safari ya pesa yako inapopindapinda.

Safari ya Sh50

Tuseme unalipa Sh50 kwa siku. Unaweka nambari ya biashara ya kaunti, nambari ya akaunti, kiasi, PIN, na ujumbe unaingia. Kwetu sisi pesa zimefika kwa akaunti ya kaunti. Baada ya hapo Katiba, kifungu cha 207, inataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale ambapo sheria imeruhusu vingine. Na pesa haziwezi kutolewa humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti.

Maana yake ni kwamba Sh50 yako haina jina la soko lako. Imechanganyika na ada za maegesho, leseni za biashara, kodi ya ardhi na mgao unaotoka Nairobi. Inaweza kulipa mshahara wa zimamoto au lami ya wadi nyingine. Wateja wengine hukasirika wakisikia hivyo, na tunawaelewa. Hospitali za kaunti zina utaratibu tofauti, kwa sababu sheria ya mwaka 2023 iliziruhusu kubaki na pesa zinazokusanya ili zijiboreshe. Masoko hayana sheria kama hiyo ya kitaifa. Kwa hivyo ukisema kwenye kikao "rudisheni ushuru wetu", afisa atakujibu kwamba sheria haisemi hivyo, na atakuwa sawa.

Unachoweza kusema ni kitu kingine: soko letu limeingiza kiasi hiki, na limetengewa kiasi hiki. Hilo ni gumu kulikwepa.

Hebu tufanye hesabu. Sh50 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni Sh300. Kwa wiki 50 ni Sh15,000. Safu moja ya wauzaji 40 inatoa Sh600,000 kwa mwaka. Sasa tuseme nusu yao wamezoeana na yule mtu anayepita saa kumi na mbili asubuhi akisema, "Nipe Sh30 nisikuandikie." Wauzaji hao 20 wanaokoa Sh20 kwa siku kila mmoja. Lakini kwenye vitabu vya kaunti safu yao inaonyesha Sh300,000, si Sh600,000. Wakati wa kupanga miradi, soko linaonekana kama soko lililolala, na ni nani anajenga paa kwenye soko lililolala? Sh30 hizo hazikuingia popote panapohesabiwa.

Tuseme wazi kwamba sisi tuna maslahi hapa, kwa sababu ukilipa kwa simu biashara yetu inaendelea. Risiti halali ya karatasi yenye nambari ya mfululizo inafanya kazi ileile. Tatizo ni malipo yasiyo na alama yoyote.

Ujumbe unaofaa na usiofaa

Si kila ujumbe wa malipo ni ushahidi wa ushuru. Angalia jina la aliyepokea. Likiwa ni jina la mtu, hata kama amevaa koti la kaunti na ana kitambulisho shingoni, hujalipa kaunti. Umemtumia mtu pesa. Nambari halali inapaswa kuwa ile iliyobandikwa kwenye ofisi ya soko au kutangazwa na kaunti yenyewe, na kabla malipo hayajakamilika simu nyingi hukuonyesha jina la unayemlipa. Soma jina hilo. Sekunde tatu tu.

Kosa linalowaumiza watu wengi zaidi ya utapeli ni nambari ya akaunti. Pesa zinafika kaunti, jina ni sahihi, lakini badala ya nambari ya kibanda mtu ameandika "soko" au jina la mtoto wake. Mfumo wa kaunti haujui malipo hayo ni ya nani. Askari akija na kifaa chake anaona kibanda hakijalipiwa, na mnaanza kugombana huku nyote wawili mkiwa mnasema ukweli. Uliza nambari ya kibanda chako inavyoandikwa hasa, na uiandike vivyo hivyo kila siku.

Kama ulishafuta ujumbe, usijali sana. Omba taarifa ya akaunti ya miezi unayotaka na malipo yote yatakuwepo. Ila usiipeleke taarifa nzima kwenye mkutano. Ina mkopo wako, karo ya watoto, na pesa ulizomtumia mama. Nakili kwenye daftari tarehe, kiasi na nambari ya muamala, basi. Mwenyekiti wa soko akikusanya kumbukumbu za wenzake afanye hivyo hivyo. Hakuna mtu anayehitaji kushika simu yako, na PIN haihusiki hapa hata kidogo.

Miezi ya kuangalia

Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kufikia Septemba 1 kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na kufikia Septemba 30 hutayarisha ripoti ya kupitia bajeti iliyopita: tulitarajia kukusanya kiasi gani, tulikusanya kiasi gani, tulitumia vipi. Mwishoni mwa Februari huja mkakati wa fedha, na kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanakuwa mbele ya bunge la kaunti. Ukingoja hadi Juni, mengi yameshakauka kama saruji.

Halafu kuna Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao kwa mfanyabiashara ni muhimu kuliko yote hayo. Humo ndimo ada zenyewe huwekwa, ya kibanda, ya kupakua gunia, ya leseni, ya kuegesha bodaboda. Katiba inakataza kutoza kodi au ada ya leseni bila sheria. Usipokuwepo mswada ukijadiliwa, bei mpya utaisikia kwa askari.

Matangazo ya vikao hutoka magazetini, redioni, kwenye tovuti ya kaunti na kwenye mbao za ofisi za wadi. Usitegemee moja. Mpigie karani wa wadi.

Kuuliza hadi jibu litoke

"Soko letu limesahaulika" ni kweli pengine, lakini afisa amelisikia hilo kutoka kila soko. Uliza mradi kwa jina lake kama ulivyoandikwa kwenye bajeti. Uliza ulitengewa kiasi gani, umelipwa kiasi gani, na kazi imefika wapi. Mambo haya matatu huchanganywa sana. Mradi unaweza kutengewa mamilioni na mkandarasi asilipwe hata shilingi, ndipo utaona mabati yamezungushwa na hakuna fundi. Mdhibiti wa Bajeti huchapisha ripoti za kila kaunti kila robo mwaka, zikionyesha mapato ya ndani yaliyotarajiwa na yaliyopatikana, na madeni ambayo hayajalipwa. Ni ripoti ndefu, na zimeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta ukurasa wa kaunti yako tu.

Kisha kuna swali ambalo tungependa liulizwe zaidi: nani ataitunza? Chukua taa ya mulika mwizi. Nguzo na taa ni matumizi ya maendeleo, na sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Hiyo hupigwa picha na kuzinduliwa. Lakini bili ya stima ya taa hiyo ni matumizi ya kawaida, na iko kwenye kurasa nyingine kabisa za bajeti. Choo ni vivyo hivyo. Kinajengwa kwa fungu moja, halafu maji, sabuni na mshahara wa anayekisafisha vinatoka fungu lingine, ambalo pengine hakuna aliyelijaza. Ndiyo maana unaweza kuwa na choo kipya chenye kufuli.

Miji mingi iliona hayo kupitia mpango wa KUSP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliofikia kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Barabara za mitaa, mitaro, taa na masoko yalijengwa kwa pesa hizo. Mfadhili hujenga na kuondoka. Kuzibua mtaro ni juu ya mapato ya ndani, na hapo Sh50 yako inarudi kwenye hadithi. Kwa hivyo kwenye kikao, baada ya kumshukuru mheshimiwa kwa taa, uliza: katika bajeti ya mwaka huu, stima ya taa hizi iko ukurasa gani?

Usipojibiwa

Andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari za serikali. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, na asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, afisa aandike. Kuomba ni bure, ingawa unaweza kulipishwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikikunyima unaweza kwenda kwa Ombudsman. Barua yenyewe haihitaji wakili:

"Naomba kujua, kwa mwaka wa fedha uliopita: (1) jumla ya ushuru uliokusanywa katika soko letu, (2) kiasi kilichotengwa na kilicholipwa kwa ukarabati wa soko hilo, (3) kiasi kilichotengwa kwa maji, stima na usafi. Naambatisha orodha ya malipo ya wauzaji 40 yenye tarehe na nambari za miamala."

Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Siku 21 zihesabu kutoka tarehe ya muhuri.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Kila ada mpya zinapoanza, matapeli nao huamka, wakituma ujumbe kwamba kibanda chako kitafungwa leo usipolipa tofauti ya ada kwa nambari fulani. Usilipe. Nenda ofisi ya soko, uliza ada hiyo iko wapi katika Sheria ya Fedha ya kaunti, na ulipe kwa nambari ile ile unayoijua. Kama umeshalipa kwa nambari isiyo sahihi, piga simu huduma kwa wateja siku hiyo hiyo, ukiwa na nambari ya muamala mkononi. Kadiri unavyochelewa ndivyo pesa hizo zinavyozidi kuwa ngumu kuzirudisha.