Fahamu: Stadi za kijamii na kihisia katika darasa la awali

Stadi za kijamii na kihisia, yaani uwezo wa mtoto kutambua anachohisi, kukitaja, kutuliza hasira yake na kuishi vyema na wenzake, zina nafasi rasmi katika elimu ya awali nchini Tanzania, kwani mtaala wa mwaka 2016 uliweka umahiri wa kuhusiana sambamba na kuwasiliana na dhana za awali za kihisabati. Stadi hizi hazijengwi kwa kukaririsha. Hujengeka pale watoto wawili wanapogombea mdoli mmoja na mwalimu, badala ya kumpokonya mmoja ampe mwingine, anapochuchumaa, akataja kinachowaumiza, kisha akawaacha watafute wenyewe namna ya kupokezana. Igizo la dukani hutoa fursa hiyo hiyo, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi hulazimika kungoja zamu, kusikilizana na, jambo gumu zaidi katika umri huo, kukubali kukataliwa. Hata hivyo, darasa linapozidi mno kiwango kilichowekwa cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja, mtoto mkimya ndiye husahaulika kwanza, na kiboko, ambacho humfundisha mtoto kuficha hofu badala ya kuielewa, huonekana kuwa njia ya mkato.