Haya, Aibu na Majuto

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo watu huyachanganya: haya, aibu na majuto. Haya humjia mtu kabla ya kutenda, ikamshika mkono asitende. Aibu humjia baada ya kutenda, tena haimjii mpaka watu wajue. Ama majuto ni ya moyoni. Humjia mtu hata akiwa peke yake gizani, pasipo aliyemwona. Nafsi hiyo yenye kujilaumu ndiyo iliyotajwa mwanzo wa Suratul Qiyama.

Hapa kwetu Korogwe, na kwa jirani zetu wa Handeni, malezi mengi tumeyasimamisha juu ya aibu. "Watu watasemaje?" ndiyo fimbo ya kwanza ya mzazi. Hatusemi kwamba fimbo hiyo haina kazi. Mji usio na aibu haukaliki. Lakini kijana azuiliwaye na macho ya watu tu, siku atakapopanda basi kwenda Dar es Salaam, ambako hapana amjuaye, ni nani atakayemzuia?

Sisi wenyewe tulilikosa jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita zilipotea shilingi 3,000 katika kijisanduku cha sadaka cha chuo chetu. Tukamjua aliyezichukua, mtoto wa miaka 11, aliyekwisha kumaliza Juzuu Amma. Tukamsimamisha mbele ya wenziwe aseme kwa kinywa chake. Wenziwe wakacheka, nasi hatukuwakataza. Tulidhani twamfunza kutubu. Kumbe alilojifunza siku ile ni kwamba macho ya watu yanachoma, na kwamba mara nyingine ajifiche vyema zaidi. Akaacha kuja. Bibi yake akaja, akaketi mkekani, akatuuliza: "Maalim, mtoto hata sokoni hataki kwenda, wenziwe wamempa jina. Mimi nimfanyeje?" Hatukuwa na jawabu.

Usiku ule tuliirudia khabari ya Kaab bin Malik, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ambayo tumeisomesha miaka mingi pasipo kuizingatia. Mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630, Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda Tabuk wakati wa joto kali na matunda yamewiva. Kaab hakwenda, wala hakuwa na udhuru. Kila siku alisema atajitayarisha kesho. Mtume aliporudi, watu zaidi ya 80 walimjia kwa viapo na visingizio, naye akapokea waliyoyadhihirisha, siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Kaab alikuwa hodari wa maneno, na udhuru angaliweza kuutunga. Akasema kweli. Yeye na wenziwe wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, watu wakaamrishwa wasiseme nao, hata zikatimia siku 50. Mfalme wa Ghassan akamletea barua ya kumwita kwake akapate heshima. Kaab akaitia ndani ya tanuri.

Tazameni basi. Adhabu ilikuwa nzito, tena mbele ya mji mzima. Lakini kule Tabuk mtu mmoja alipomsema Kaab vibaya, Muadh bin Jabal alimkanya palepale. Na zile siku 50 Kaab alikuwa akisali msikitini pamoja na watu. Iliposhuka toba yao, Talha bin Ubaydillah aliinuka mbio akampa mkono, na Kaab hakulisahau jambo hilo.

Sisi siku hizi tuna simu. Mtu akiteleza Korogwe asubuhi, picha yake imefika Handeni kabla ya adhuhuri, na aliyeipeleka hudhani amekataza maovu!

Ijumaa iliyofuata tulikwenda kwa yule bibi. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba. Khabari ya sadaka hatukuitaja. Tulimwomba radhi kwa kile kicheko. Akainamisha kichwa, asiseme neno. Wiki ya tatu akaja baada ya Isha, chuo kimekwisha kufungwa, na shilingi 1,000 mkononi, imekunjwa hata imekuwa kama kidonge. Akasema zilizosalia atazileta akiuza machungwa. Tukamwuliza alikuwa amefika wapi katika msahafu. Akasema, Suratul Mulk. Tukawasha taa, tukaufungua.