Hadithi Fupi za Said Ahmed Mohamed (3): Jitu Laja na Lami

Habari za barabara ya lami ya Isiolo kwenda Mandera, inayopita Modogashe, zimenirudisha kwa Mzee Mago. Msomaji aliyekuwa nasi tangu makala ya kwanza anamjua: mwenye mkahawa wa Madongoporomoka katika “Tumbo Lisiloshiba”, asiyekubali wanyonge wapokonywe ardhi kwa kisingizio cha maendeleo. Jitu linaingia mkahawani, linafagia chakula chote, linaahidi kurudi. Kinachofuata ni mabuldoza.

Mashine hiyo Said hakuianzia hapo. Mkusanyiko wake wa 2005 unaitwa Arusi ya Buldoza. Mzanzibari huyu ana mkono wa ajabu. Mwaka 1980 pekee alitoa riwaya mbili, Utengano na Dunia Mti Mkavu, pamoja na diwani, Sikate Tamaa. Mwaka 1985 zikaja hadithi fupi za Si Shetani si Wazimu. Tamthilia sijazigusa, wala uprofesa wake wa Bayreuth, Ujerumani. Wapo wanaodai kwamba mwandishi wa riwaya akishika hadithi fupi anajipumzisha. Si Said! Ushairi umemfundisha kubana: lile jitu halina haja ya jina wala wasifu, tumbo lake latosha kutuonyesha tabaka zima la walaji.

Hadithi hiyo ilisomwa shuleni kote Kenya, Garissa ikiwemo, katika kitabu teule kilichohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Lakini wengi walisoma mwongozo tu: maudhui, wahusika, mbinu, basi. Hiyo ni aibu, tena si ya watoto peke yao. Sisi walimu ndio tuliowazoesha kutafuna kilichotafunwa. Tangu 1996 ngamia wa maktaba ya taifa wamewapelekea watoto wa wafugaji wa Garissa vitabu, na hadithi fupi ndiyo inayofaa safari hiyo, kwani huisha kabla kambi haijahama.

Kuhusu Modogashe yenyewe, huko mpakani mwa Garissa na Isiolo, nina neno moja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazipa jamii nafasi ya kusajili ardhi yao. Isiposajiliwa, serikali ya kaunti ndiyo inayoishikilia kwa niaba yao. Lami huvuta wenye matumbo. Wazee, isajilini mapema.

Nanyi wachapishaji, zikusanyeni hadithi zote za Said katika juzuu moja ambayo mzazi wa Modogashe ataimudu bei yake. Wiki ijayo: tamthilia zake.